Jina la Eulalia

Fundi alimjua mkewe kwa sauti kabla hajamjua kwa sura. Enzi hizo bado kijana, alikuwa ameitwa kituo cha treni kuzibua choo cha abiria, na alipomaliza kazi akaondoka mbio mbio kwa sababu njaa ilikuwa inamuuma. Hajafika hata getini, akasikia vipaza sauti vyote vya kituo vikimwandama.

"Tangazo kwa fundi wa maji. Fundi wa maji mwenye ovaroli ya buluu, umesahau spana yako kubwa juu ya sinki. Tafadhali rudi uichukue kabla haijapanda treni."

Abiria waligeuka kumtazama, wengine wakicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi aliona haya hadi masikio yakamwaka moto, lakini masikio hayo hayo yakabaki kule juu kwenye vipaza sauti. Ile sauti haikuwa na haraka. Kila neno lilitoka kama limepigwa pasi.

Alichukua spana yake, akapanda ngazi kumtafuta mwenye sauti. Alimkuta kwenye chumba kidogo cha vioo, msichana mwembamba, chai yake imepoa mbele yake.

"Mimi ndiye mwenye spana," alisema.

"Nakuona. Mimi naitwa Eulalia. Na kabla hujacheka, sijalala na wala silalii mayai."

Fundi alicheka hata hivyo, na msichana naye akacheka, na mambo yao yakaanzia hapo.

Jina hilo lilikuwa limemchosha Eulalia tangu utoto. Alipewa na mkunga aliyemzalisha mama yake. Mkunga alisema ni jina zuri la kale, la Kikristo, na wazazi waliokuwa wamechoka na uchungu na kukesha wakakubali bila kuuliza maana. Shuleni wenzake walilichezea kama mpira. "We Eulalia, leo umelalia mayai mangapi?" Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa mtu wa utani, alimwita "mlalaji" siku moja tu alipokosa jibu, na darasa zima likashikilia hapo hapo mpaka mwaka ukaisha. Hata Fundi, baada ya kumwoa, hakuacha. Asubuhi akimwamsha alikuwa akisema, "Amka mama, jina lako lishalala vya kutosha." Eulalia alimrushia mto, na siku nyingine ndala.

Lakini kazini hakuna aliyemcheka. Alitangaza treni mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Waliochelewa aliwahimiza bila kuwakaripia, watoto waliopotea aliwapigia mbiu mpaka wakapatikana, na treni ilipochelewa aliwaomba watu radhi kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyeizuia reli. Kila alipomaliza zamu alifunga kwa maneno yale yale: "Zamu yangu imekwisha. Nawatakia safari njema. Alikuwa nanyi Eulalia." Wakubwa walimkataza mara kadhaa, wakasema kituo si redio. Eulalia aliitikia ndiyo mzee, kesho yake akarudia. Nyumbani ndiyo usiseme. Alikuwa na maneno kama cherehani, na Fundi, ambaye kwa siku nzima alizoea kuongea na mabomba, alikaa pembeni akisikiliza na kujiona mtu mwenye bahati.

Alistaafu akiwa na afya yake. Kisha asubuhi moja, wakiwa mezani, alimwomba mumewe ampe sukari, na neno likagoma kutoka.

"Nipe ile... ile ya..." Alitazama kopo la sukari lililokuwa mbele ya pua yake kama kitu kigeni. "Ile hivyo. Hivyo hivyo."

Fundi alidhani ni mzaha. Halafu akaona kikombe kinamponyoka mkononi na upande mmoja wa mdomo umeshuka. Hakumbuki vizuri jinsi walivyofika hospitali. Anachokumbuka ni daktari akisema kiharusi, na kwamba wana bahati, kwa maana mguu na mkono vitarudi kwa mazoezi. Usemi, daktari alisema, ni jambo la kusubiri na kuona.

Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukaanza kushika kijiko. Maneno hayakurudi. Eulalia alielewa kila alichoambiwa, alicheka palipochekesha na kununa palipostahili, lakini akifungua kinywa yalitoka maneno mawili tu: hivyo hivyo. Akitaka maji, hivyo hivyo. Akikasirika, hivyo hivyo, ila kwa ukali. Jirani mmoja alimsalimia dirishani akajibiwa hivyo hivyo, akaenda zake anatikisa kichwa, na tangu siku hiyo Eulalia akawa anakaa chumba cha nyuma kisichotazama barabara. Nyumba ilipoa. Fundi alijikuta anafungua redio tangu asubuhi ili pawe na mtu anayesema.

Walikuwa na watoto wawili, wa kiume dereva wa lori na wa kike msusi mwenye saluni yake. Mke wa dereva alikuwa mjamzito, na Jumapili moja walipokuja kula pamoja, dereva alinawa mikono, akakohoa, akasema ana neno.

"Mimi na mwenzangu tumeshauriana. Mtoto akiwa wa kike tutampa jina la mama. Ili jina lisipotee."

"Lisipotee limekwenda wapi?" msusi akauliza. Ndugu hawa wawili walipendana sana, ila kukubaliana kulikuwa kama kutoa jino.

"Dada, nawe! Nataka kumuenzi mama."

"Sikatai. Lakini mama mwenyewe aliteseka na jina hilo. Mtoto atakwenda shule, wataanza, mlalaji, mlalia mayai. Mpe zuri kidogo, zuri la siku hizi."

"La siku hizi ndiyo kama lipi? Lile ulilomwita mbwa wako?"

Walibishana juu ya sahani, huku mama yao amekaa katikati yao akigeuza macho mara kwa huyu, mara kwa yule, kama mtu anayetazama mpira. Hatimaye akafungua kinywa. Wote wakamgeukia.

"Hivyo," alisema. Akameza mate, akakaza shingo. "Hivyo... hivyo hivyo."

"Mnaona?" dereva akafurahi. "Amekubali!"

Fundi alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa mkewe. Ulikuwa umekunja ngumi juu ya meza, vidole vimekuwa vyeupe. Alijua hajakubali. Ila hakujua anakataa nini, na akaogopa kumsemea, kwa sababu kumsemea lilikuwa jambo la kwanza ambalo mkewe alionyesha wazi kwamba halitaki. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya matairi.

Mara mbili kwa wiki walikwenda kwa mtaalamu wa usemi. Alikuwa binti mdogo kiasi kwamba mara ya kwanza Fundi alidhani ni karani wa mapokezi, akamuuliza daktari yuko wapi. Chumba chake kilikuwa na kioo kikubwa ukutani, viti vitatu, na kadi zenye picha: paka, ufagio, kiatu, jua. Eulalia alizitazama kadi hizo kwa dharau. Mtu aliyetangaza treni maisha yake yote, leo anaulizwa paka.

Siku hiyo binti aliziweka kando. "Leo mama, tujaribu jina lako. Twende pamoja. E-u..."

Eulalia aliangalia mdomo wake kwenye kioo. "E," alisema. Mdomo ukatafuta mahali pa kwenda, ukakosa. "E... hivyo." Akafumba macho.

"Usimchoshe kwa jina hilo, daktari," Fundi akasema ili kulainisha mambo. "Hata wenye afya linawashinda. Sisi tumelitania mpaka basi. Kulala, kulalia mayai."

Binti alimgeukia, akashangaa kweli. "Kulala? Baba, ina maana hamjui maana yake?"

"Maana ipi? Ni jina tu. Mkunga ndiye aliyelitoa."

"Mimi nilipoliona kwenye faili nilidhani mnajua, nikaogopa hata kuligusa." Akasogeza kiti, na Fundi aliona kwamba alimgeukia Eulalia, si yeye. "Mama, ni jina la Kigiriki cha kale. Katika kazi yetu tunakutana na mgonjwa anayerudia kila analoambiwa, kama mwangwi. Hali hiyo inaitwa ekolalia. Eko ni mwangwi, na hiyo lalia ni kusema. Haihusiani na kitanda hata kidogo. Sasa chukua lalia, mbele yake weka eu, yaani vizuri. Eulalia. Asemaye vizuri. Mwenye maneno matamu."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Halafu nilisoma mahali," binti aliendelea kwa sauti ya chini, "kwamba jina lilienea kwa ajili ya msichana mmoja wa zamani za Warumi. Wanasimulia kwamba alikuwa mdogo, hata ujana hajafika, akamwendea hakimu aliyekuwa anawatesa Wakristo, akamwambia ukweli usoni. Walimuua. Watu wakaanza kuwaita mabinti zao jina lake, nchi hata nchi."

Fundi alimtazama mkewe. Alitegemea machozi, na machozi yalikuwepo, lakini kwanza kabisa Eulalia alicheka. Alicheka kwa pumzi, mabega yakitikisika, mkono mzuri ukipiga paja. Akamnyooshea mumewe kidole, kidole kile cha kusema umesikia, miaka yote hiyo na ndala zangu? Kisha kicheko kikakatika kikageuka kitu kingine, akaegemeza paji la uso begani mwa Fundi na kulia kama mtoto. Binti aliinuka, akaenda kupanga kadi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Walipokuwa wakitoka alimvuta Fundi kando. "Baba, kuna maneno ambayo mtu ameyasema mara nyingi mno, hata bila kuyafikiria. Sala, nyimbo, kuhesabu. Hayo hukaa sehemu yake na mara nyingine huwa hayajaguswa. Mama alikuwa anasema nini kila siku?"

Fundi alifikiri. Alitaka kujibu kwamba alikuwa anasema kila kitu.

Jumapili iliyofuata aliwaeleza wanawe maana ya jina. Alidhani atawapatanisha. Dereva alipiga meza kwa furaha. "Asemaye vizuri! Basi ndiyo kabisa, hakuna tena mjadala!"

"Kaka, tumia akili," msusi akasema. "Unataka kumpa mtoto jina la asemaye vizuri, wakati mwenye jina..."

Alijizuia, lakini neno lilikuwa limeshatoka mlangoni. Mke wa dereva aliinamia sahani yake. Eulalia alisukuma kiti, akasimama bila kusaidiwa, akatembea polepole, mkono ukutani, mpaka chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Mama, sikukusudia!" msusi akalia. Alitaka kumfuata, lakini baba yake akamshika bega.

"Kaa. Niachie mimi."

Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameupa mlango mgongo. Fundi hakuwa mtu wa hotuba. Alikaa kando yake, akajaribu lile la binti wa hospitali. Aliweka ngumi mbele ya mdomo kama kipaza sauti, akajiona mpumbavu, akaendelea.

"Zamu yangu imekwisha," alisema, akiiga ule mwendo wa mkewe usio na haraka. "Nawatakia..."

Eulalia hakugeuka. Fundi akasikia pumzi yake ikikaa sawa.

"...safari njema," Eulalia akasema.

Wote wawili walishtuka. Maneno yalikuwa yametoka mazima, yamenyooka.

"Zamu yangu imekwisha. Nawatakia safari njema," Fundi akarudia. "Alikuwa nanyi..."

"Eulalia."

Alilisema kwa sauti ile ile ya vipaza sauti, imekwaruza kidogo kama kitu kilichokaa stoo. Akaligeuza mdomoni tena, peke yake, bila kuongozwa. "Eulalia." Kisha akamtazama mumewe kwa macho makali, akajipiga kifuani kwa kiganja, akalisema mara ya tatu kama mtu anayedai mzigo wake.

Hapo ndipo Fundi alipoelewa ile ngumi juu ya meza.

Hakuwaambia watoto. Alipotoka chumbani aliwaambia tu mama anapumzika, na kwamba wakitaka jina lake wamwombe mwenyewe, yeye si wakala wake. Dereva alidhani baba amekasirika, akapoa. Kuanzia hapo kila siku baada ya chai mume na mke walijifungia na kufanya mazoezi. Walianza na matangazo, kwa sababu ndiyo yaliyokubali kutoka. Fundi akawa abiria wa treni zisizokuwepo. Aliulizia mabehewa, alipoteza mikoba, alichelewa kwa makusudi. Mara nyingi Eulalia alikwama katikati ya sentensi, akatupa mto, akagoma mpaka kesho yake. Binti wa hospitali aliposikia habari hiyo aliweka kadi za paka kabatini.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, na mapafu ya kutosha. Walimleta kwa bibi yake akiwa na wiki chache. Dereva alimweka kwa uangalifu kwenye mkono wa kushoto wa mama yake, msusi akaziba pengo la kiwiko kwa mto, wote wakasimama kuzunguka kiti.

"Mama," dereva alisema, na sauti yake ilikuwa na unyenyekevu ambao Fundi hakuwahi kuusikia kwake. "Baba alisema tukuombe mwenyewe. Tunaomba tumwite Eulalia. Unaturuhusu?"

Eulalia alimtazama mtoto kwa muda. Alimnusa utosini. Akamchunguza vidole, kimoja kimoja, kama anayekagua tiketi. Kisha akainua uso.

"Hapana," alisema.

Hakuna kati yao, ukimtoa Fundi, aliyekuwa amemsikia akisema neno hilo tangu augue. Mke wa dereva aliweka mkono mdomoni.

"Jina..." Eulalia akasimama hapo, akatafuta, na Fundi akabana meno ili asimsaidie. "Jina langu." Akavuta pumzi. "Nina... ninalitumia."

Msusi ndiye aliyeanza kucheka, akilia wakati huo huo, akapiga magoti akakumbatia miguu ya mama yake na kusema, nisamehe mama, nisamehe. Dereva alibaki amesimama mikono imening'inia, jitu zima, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. "Mama, sisi tulidhani tunakuheshimu," alisema.

"Najua," Eulalia akasema. Lile lilitoka kirahisi kuliko yote.

"Tulikuwa tunaligawa jina la mtu aliye hai, amekaa hapa, anatusikiliza," mke wa dereva alisema polepole. "Kama kugawa nguo zake."

Eulalia alimwangalia mkwe huyo ambaye kwa kawaida alikuwa hasemi, akamkonyeza.

"Sasa mama, tumpe nani?" dereva akauliza.

Ilichukua muda. Chai ilimiminwa, mtoto alibadilishwa nepi, na ni wakati msusi anamrudisha mapajani ndipo bibi yake alipopata alichokuwa anakitafuta. "Lake," alisema. "Lake mwenyewe. Jipya."

Wakampa jipya. Mama yake ndiye aliyelichagua, na safari hii walikwenda kuuliza maana kwanza.

Eulalia hakurudi kuwa cherehani. Alipata sentensi fupi, nyingine zimepinda, nyingine zimekosa kichwa au mkia, na majina ya vitu vidogo vidogo yaliendelea kumkimbia. Sukari hasa ilikataa kata kata kurudi. Lakini alihama chumba cha nyuma, akarudi kukaa dirishani, na jirani alipopita, Eulalia ndiye aliyemsalimia kwanza. Fundi alizoea kusubiri. Aligundua kwamba miaka yote ile alikuwa akisikiliza sauti ya mkewe kuliko maneno, na sasa maneno yalipokuwa machache hakuna hata moja lililompita. Utani wa kulala aliuacha. Hakuna aliyemwambia auache.

Siku moja alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, gazeti usoni, aliposikia mkewe anaita kutoka jikoni.

"Fundi!"

"Naam, mama."

"Bomba linavuja," Eulalia alisema, neno baada ya neno, kila moja limepigwa pasi, "na fundi... mzima... amelala."

Fundi alilitoa gazeti usoni. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu siku ya kiharusi, na ndani yake hamkuwa na hata neno moja la kituo cha treni.

"Sijasikia vizuri," alisema, ingawa alikuwa amesikia barabara. "Hebu rudia."

Eulalia akarudia, safari hii kwa ukali, akaongeza na la kuhusu gazeti, na Fundi akainuka kwenda kutafuta spana.